Ndugu wa Ng'ambo na Kibali cha Usalama

Barack Obama alipoapishwa kuwa Rais wa Marekani, Januari 2009, bibi yake wa kambo wa upande wa baba, Mama Sarah, alikuwa akiishi Kogelo huko Siaya, magharibi mwa Kenya. Auma, dada yake wa baba mmoja, ni Mkenya, na hakuwa peke yake katika ukoo huo. Siku hiyo hiyo Obama alikabidhiwa siri nzito kuliko zote za taifa lake, zikiwamo za silaha za nyuklia. Hakuna ofisa aliyemtaka kwanza ajaze fomu aeleze ndugu zake wa Kenya ni akina nani, wanafanya kazi gani, na huzungumza nao mara ngapi kwa mwaka.

Utaratibu ndivyo ulivyo. Rais wa Marekani, makamu wake, wabunge na majaji wa mahakama za shirikisho hupata siri kwa vyeo vyao, maana wapiga kura au Seneti wamekwisha kuwapima. Ilhan Omar alizaliwa Somalia, akaishi miaka minne katika kambi ya wakimbizi ya Utange karibu na Mombasa, na mwaka 2018 akachaguliwa kuingia Bunge la Marekani. Yeye hahitaji kibali. Msaidizi wake ofisini, akitaka kushika nyaraka za siri, anakihitaji.

Mzigo wa upekuzi, kwa hiyo, unamwangukia mtu wa kawaida: mhandisi aliyezaliwa Kisumu na kukulia Texas, mkalimani wa Kiswahili mwenye asili ya Bukavu, fundi wa kompyuta wa Ohio aliyeoa Mombasa. Wote hawa ni raia wa Marekani, na wote watakutana na swali moja kabla ya kuingia katika chumba chenye makabati ya siri: nani wako yuko nje, na je, mtu anaweza kumtumia huyo kukubana?

Swali hilo linagusa familia nyingi zinazosikiliza redio kwa Kiswahili, kwa sababu familia zetu zimetawanyika. Mtoto yuko Minneapolis, mama yuko Arusha, kaka yuko Muscat, shemeji yuko Goma. Mtoto anapotuma maombi ya kazi katika kiwanda cha ndege za kivita au katika Wizara ya Mambo ya Nje ya Marekani, majina ya watu hao wote yanaweza kuingia katika jalada la serikali ambayo hawajawahi kukanyaga nchi yake.

Kibali chenyewe ni uamuzi wa serikali kwamba mtu fulani anaweza kuaminiwa na siri. Amri ya Rais Bill Clinton ya mwaka 1995, namba 12968, ndiyo msingi wake hadi leo. Amri hiyo inasema kibali ni cha raia wa Marekani, na inakataza kumnyima mtu kwa sababu ya rangi, dini, jinsia au asili ya taifa lake. Lakini inaongeza sharti moja zito, kwamba shaka yoyote itaamuliwa kwa faida ya usalama wa taifa. Mwaka 1988, katika kesi ya Jeshi la Majini dhidi ya Egan, Mahakama Kuu ya nchi hiyo ilikwisha kutamka kwamba hakuna mtu mwenye haki ya kupewa kibali. Katika mahakama ya jinai shaka humwokoa mshtakiwa. Hapa shaka humwangusha mwombaji.

Watu zaidi ya milioni 4 nchini Marekani wamekuwa na sifa ya kushika siri za ngazi moja au nyingine. Si majasusi hao. Wengi ni askari, mafundi, wahasibu, madaktari wa kijeshi, walinzi wa milango na wafanyakazi wa makampuni yenye mikataba na Wizara ya Ulinzi. Kwa wengi wao kibali ni sawa na leseni ya kazi, na kikiondoka mshahara nao huondoka.

Njia yao huanzia kwenye fomu iitwayo SF-86, ambayo ni ndefu kama kitabu. Sehemu ya 17 inauliza habari za mume au mke, na za mtu yeyote anayeishi na mwombaji kama mwenzi. Sehemu ya 18 inataka jamaa kwa majina: baba na mama, wazazi wa kambo na waliomlea, watoto wa kuzaa na wa kambo, kaka na dada, wakiwamo wa baba mmoja au mama mmoja, pamoja na wakwe. Kila mmoja anaandikiwa tarehe na mahali pa kuzaliwa, uraia na anwani. Kama ni mgeni anayeishi nje, inaulizwa pia mwajiri wake ni nani, na kama ana uhusiano wowote na serikali, jeshi au idara ya usalama ya nchi yake.

Shangazi, mjomba, bibi na binamu hawamo katika orodha hiyo. Mwombaji wa kutoka Afrika Mashariki anaweza kushusha pumzi hapo, na ndipo anapokosea. Sehemu ya 19 inafuata, nayo inataka mgeni yeyote ambaye katika miaka 7 iliyopita mwombaji au mwenzi wake amekuwa na mawasiliano ya karibu au ya kuendelea naye, wakiunganishwa na mapenzi, ushawishi, maslahi au wajibu. Shangazi wa Moshi anayepigiwa simu kila Jumapili anaingia hapo. Binamu wa Zanzibar aliyesomeshwa na mwombaji anaingia hapo. Mama Sarah wa Kogelo, mjukuu wake angekuwa mhandisi anayeomba kazi ya rada na mwenye mazoea ya kumpigia simu, naye angeingia hapo.

Kisha inakuja sehemu ya 20, inayogusa mifuko. Je, umewahi kumpa mgeni yeyote msaada wa fedha? Swali hilo halina kikomo cha miaka. Je, una nyumba, kiwanja, akaunti ya benki au biashara nje ya nchi? Kwa jamii ambayo kutuma fedha nyumbani ni sehemu ya heshima ya mtu, maswali haya yanafika ndani kabisa ya maisha. Kenya peke yake ilipokea karibu dola bilioni 5 kutoka kwa watu wake walio nje katika mwaka 2024, na sehemu kubwa kuliko zote ilitoka Marekani. Ada ya mdogo wake mtu, dawa za presha za mama, bati za nyumba ya baba, vyote hivyo ni msaada wa fedha kwa mgeni kwa macho ya fomu.

Kwa nini serikali inataka kujua yote haya? Kanuni zinazotumika tangu tarehe 8 Juni 2017 zina vipengele 13 vya kumpima mwombaji, na cha pili kinahusu ushawishi wa kigeni. Hakisemi kwamba kuwa na ndugu nje ni kosa. Kinauliza kama uhusiano huo unaongeza hatari ya mtu kurubuniwa, kushinikizwa au kulazimishwa, na kama siku moja anaweza kujikuta anachagua kati ya ndugu yake na kiapo chake.

Hofu hiyo ina sababu zake. Agosti 2023 alikamatwa baharia wa meli ya kivita USS Essex huko San Diego, Jinchao Wei, mzaliwa wa China aliyekwisha kupata uraia wa Marekani. Waendesha mashtaka walisema alikuwa akiuza habari za meli hiyo kwa ofisa wa ujasusi wa China, na kwamba mama yake alipojua alimtia moyo aendelee, akitumaini mwanawe atapata kazi serikalini China baada ya kutoka jeshini. Agosti 2025 alitiwa hatiani. Mwaka 2021 Mariam Thompson, mkalimani wa jeshi la Marekani mzaliwa wa Lebanon, alihukumiwa kifungo cha miaka 23 kwa kumpa mwanamume wa Lebanon aliyempenda majina ya watu waliokuwa wakiisaidia Marekani kwa siri nchini Iraq. Aliamini kwamba habari hizo zingefika Hezbollah.

Wapo pia waliobanwa bila kosa lolote. Gulchehra Hoja ni mwandishi wa habari wa Kiuighur aliyehamia Washington na kufanya kazi katika Radio Free Asia. Mwanzoni mwa 2018 jamaa zake zaidi ya 20 walizuiliwa na mamlaka za China huko Xinjiang, wakati yeye akiripoti habari za kambi za kizuizini za eneo hilo. Hakuwa na siri za serikali mkononi. Yaliyompata yanaonyesha jinsi dola inavyoweza kumfikia mtu aliye mbali kwa kuwashika aliowaacha nyumbani, na ndicho hasa ambacho wapekuzi wa vibali wanajaribu kukiona kabla hakijatokea.

Lakini historia ya ujasusi ina upande wa pili, na upande huo usisahaulike. Ana Montes alikuwa mchambuzi mkuu wa masuala ya Cuba katika idara ya ujasusi ya Wizara ya Ulinzi. Baba yake alikuwa daktari wa jeshi la Marekani. Kaka yake na dada yake walikuwa wakifanya kazi FBI. Katika jalada la familia hakukuwa na jina la kutisha hata moja. Montes aliifanyia Cuba ujasusi kwa takriban miaka 16, hadi alipokamatwa Septemba 2001. Mwaka huo huo, Februari, alikamatwa Robert Hanssen wa FBI, mzaliwa wa Chicago na mtoto wa polisi wa mji huo, aliyewauzia Warusi siri kwa fedha na almasi. Na Jonathan Pollard, aliyekamatwa 1985 kwa kuipelelezea Israel, alizaliwa Texas.

Mifano ya pande hizi mbili, ukiipanga pamoja, inaonyesha kipimo sahihi. Ndugu wa ng'ambo anaweza kuwa mlango wa hatari. Hawezi kuwa ushahidi wa usaliti. Mfumo unaoyachanganya mambo hayo mawili utamfukuza mkalimani mwaminifu na kumwachia Hanssen ufunguo wa kabati.

Ndiyo maana upimaji, ukifanywa kwa haki, huangalia mambo kadhaa kwa pamoja. Kwanza ni nchi yenyewe. Jaji wa kiutawala, anayeamua kesi za vibali, hutazama kama serikali yake ina tabia ya kupeleleza siri za Marekani, kama inawatesa raia wake, na kama kuna makundi ya kigaidi yanayoweza kumteka mtu. Mwombaji mwenye wazazi Nairobi au Garissa ajue kwamba mashambulizi ya Westgate ya 2013 na ya Chuo Kikuu cha Garissa ya 2015 yanaweza kutajwa katika jalada lake, hata kama wazazi wake hawajawahi kumwona mwanachama yeyote wa Al-Shabaab. Hata nchi rafiki haiachwi bila kutazamwa, na kesi ya Pollard ni mojawapo ya sababu.

Pili ni kazi ya ndugu. Mama muuza samaki soko la Feri na kaka aliye kanali jeshini hawapimwi kwa mizani moja. Tatu ni ukaribu. Kwa jamaa wa damu, majaji huanza kwa kudhani kwamba mapenzi yapo, na mwombaji ndiye anayepaswa kuonyesha vinginevyo. Kwa wakwe, dhana hiyo hupitia kwa mume au mke. Nne, na hapa waombaji wengi hushinda, ni mizizi ya mwombaji mwenyewe Marekani: miaka aliyoishi huko, watoto waliozaliwa na kusoma huko, nyumba, utumishi jeshini, akiba ya uzeeni. Mali ya nje hulinganishwa na ya ndani. Mwenye nyumba ya dola laki nne Maryland na kiwanja kidogo Kibaha ni vigumu kushurutishwa kwa kiwanja hicho.

Anayetiliwa shaka ana nafasi ya kujitetea, na nafasi hiyo ilipiganiwa. Mwaka 1953 mhandisi wa ndege William Greene alipoteza kazi baada ya kunyang'anywa kibali. Kati ya mambo yaliyosemwa juu yake ni fikra za mrengo wa kushoto za mke waliyekwisha kuachana naye miaka kadhaa kabla. Waliotoa habari hizo hakuwahi kuwaona wala kuwahoji. Kesi ilifika Mahakama Kuu, na mwaka 1959 mahakama ikasema Wizara ya Ulinzi haikuwa na mamlaka ya kumvua mtu riziki yake kwa njia hiyo. Mwaka uliofuata Rais Dwight Eisenhower alitia saini amri iliyowapa wafanyakazi wa makampuni haki ya kuelezwa sababu na kusikilizwa. Leo mfanyakazi wa kampuni yenye mkataba na Wizara ya Ulinzi anapoandikiwa barua ya sababu, ana siku 20 za kujibu, na anaweza kuomba kusikilizwa mbele ya jaji wa kiutawala, akiwa na wakili na mashahidi. Hukumu za majaji hao huchapishwa bila majina, na mtu yeyote anaweza kuzisoma.

Kanuni nazo zimelegea kwa miaka. Hadi Oktoba 2008, aliyetaka kushika siri za kijasusi za daraja la juu alitakiwa awe na familia ya karibu yenye uraia wa Marekani, isipokuwa pale taasisi ilipothibitisha kwamba inamhitaji mno. Sharti hilo liliondolewa. Kwa miaka mingi mwenye pasipoti mbili aliambiwa aisalimishe au aiharibu ile ya kigeni. Tangu 2017 uraia pacha peke yake haumnyimi mtu kibali, mradi auseme. Kwa Mkenya, ambaye Katiba ya 2010 ilimruhusu kushika uraia wa nchi mbili, mabadiliko hayo ni makubwa. Mtanzania mtu mzima anayechukua uraia wa Marekani hupoteza wa kwao kwa sheria ya Tanzania, hivyo suala la pasipoti mbili humwepuka, ila la mama na baba liko palepale.

Nyakati nyingine serikali yenyewe imejipinga. Mwaka 2009 jeshi la Marekani lilianza mpango wa kuandikisha wahamiaji wenye lugha zilizohitajika, na Kiswahili kilikuwa katika orodha hiyo. Zaidi ya watu 10,000 waliingia jeshini kwa njia hiyo. Mwaka 2016 mpango ulikazwa kwa upekuzi mpya, kisha ukasimamishwa. Hata waliokwisha kuwa raia wa tajnisi walitakiwa kuchunguzwa upya kila baada ya miaka 2, bila sababu ya kumshuku yeyote kati yao. Januari 2019 Jaji Thomas Zilly wa mahakama ya shirikisho mjini Seattle alibatilisha sharti hilo, akiona linawabagua. Alisema haki. Jeshi haliwezi kumwajiri mtu kwa sababu anajua lugha ya mama yake, kisha likamwadhibu kwa sababu ana mama.

Mwombaji naye ana wajibu wake, na wa kwanza ni kusema kweli. Wahenga walisema mficha uchi hazai. Kuandika uongo au kuficha jambo kwa makusudi katika SF-86 ni jinai inayoweza kumfunga mtu hadi miaka 5, na hata pasipo mashtaka kunatosha kumwangusha chini ya kipengele kingine, kile cha mwenendo. Jared Kushner, mkwe wa Rais Donald Trump, alilazimika kurekebisha fomu yake zaidi ya mara moja kwa sababu mikutano yake na wageni haikuwa imeandikwa. Februari 2018 kibali chake cha muda kilishushwa daraja, na alipata cha kudumu Mei mwaka huo. Mfanyakazi asiye na mkwe Ikulu hapati nafasi nyingi za kurekebisha. Ndugu aliyetajwa huelezeka. Ndugu aliyefichwa akigunduliwa, hata kama ni muuza nyanya asiye na hatia, humfanya mpekuzi aulize kuna nini kingine.

Wajibu hauishi siku kibali kinapotoka. Safari binafsi za nje hutakiwa kuripotiwa, pamoja na ndoa na urafiki mpya wa karibu na mgeni. Anayekwenda Tanga kumzika baba yake anatakiwa kutoa taarifa kabla ya kupanda ndege.

Serikali pia ina deni, na katika hilo iliwahi kushindwa vibaya. Mwaka 2015 ilifichuka kwamba wadukuzi wanaohusishwa na China walikuwa wameiba kumbukumbu za upekuzi za watu milioni 21.5 kutoka ofisi ya utumishi ya serikali ya Marekani, zikiwamo fomu za SF-86. Ndani yake zilikuwamo habari za wake, waume, watoto na jamaa. Fomu iliyojazwa ili kuzuia familia zisitumiwe dhidi ya waombaji iligeuka orodha ya familia hizo mikononi mwa dola nyingine. Jukumu la upekuzi wa wafanyakazi wengi lilihamishiwa Wizara ya Ulinzi mwaka 2019. Anayedai kujua jina la mama wa mtu huko Arusha hana budi kulitunza kama anavyotunza siri zake mwenyewe.

Kwa kijana mwenye asili ya Afrika Mashariki anayefikiria kazi ya namna hiyo, ushauri ni huu. Usikate simu ya mama kwa ajili ya fomu, maana hakuna kanuni inayodai hivyo, na jaji hatavutiwa na mtu aliyemtelekeza mzazi wake mwezi mmoja kabla ya kuomba kazi. Anza mapema kukusanya majina kamili, tarehe za kuzaliwa, anwani na kazi za ndugu zako. Tunza stakabadhi za fedha ulizotuma na tarehe za safari zako. Waambie wazee nyumbani kwa nini unauliza, ili wasishtuke. Kisha andika kila jina linalotakiwa, na ukipewa barua ya sababu, jibu ndani ya siku 20.